UZI: JRPG ya kwanza kwenye Switch ya mtumba, tuchague kwa akili

ZamuYangu (mwenye uzi)

Wasee, hili swali limejirudia humu mpaka nimeona lipewe uzi wake: "Nimepata Switch Lite ya mtumba, nasikia JRPG ni tamu, nianze na gani?" Kwa wageni: Switch Lite ni konsoli ya mkononi ya Nintendo, na JRPG ni gemu za Kijapani za kuigiza wahusika kwenye hadithi ndefu. Majibu huwa yale yale. Mmoja atasema Persona 5 Royal, mwingine Xenoblade, wa tatu atakwambia kama hujacheza Final Fantasy VII huna haki ya kuongea. Muulizaji anaenda mjini, anarudi na kaseti ya gemu ya saa 100, na kabla ya mwezi kuisha kaseti hiyo iko sokoni, "haina mkwaruzo, bei inaongeleka".

Gemu zenyewe hazina kosa. Shida ni kwamba orodha hizo huandikwa na watu wanaocheza kwenye kochi, TV ukutani, jioni nzima ni yao. Wengi wetu humu tunachezea kwenye mathree ya Rongai, kwa kinyozi tukingoja, au kitandani stima ikiwa imepotea na mtu anahesabu asilimia za betri. Ndiyo maana mimi huuliza swali moja kabla ya lingine lolote: gemu hii inakubali kukatizwa? Hadithi, muziki na michoro tutaviongea baadaye.

Mapigano ya zamu, wewe unapiga kisha adui anapiga, yanakusubiri. Makanga akigonga bodi pale Bomas, unabonyeza kitufe cha juu, skrini inazima, unashuka, na yule joka atakuwa bado amesimama akingoja uamue. Lakini kulaza konsoli si kusevu. Betri ikiisha kabisa ikiwa imelala, kila ulichofanya tangu sevu ya mwisho kimekwenda na maji. Kwa hivyo jua mapema gemu inakuruhusu kusevu wapi. Final Fantasy za Pixel Remaster, ya I hadi ya VI, zilizofika Switch Aprili 2023, zina sevu ya haraka karibu kila mahali, na hata zinakuachia uzime vita vya kuvamiwa njiani ukiwa na haraka. Persona 5 Royal, ukishaingia ndani ya kasri, yaani ngome ya adui, inakupa vyumba maalum vya kusevu, na kati ya chumba na chumba kuna mwendo.

La pili ni macho. Lite ina skrini ya inchi 5.5, Switch ya kawaida 6.2, OLED 7. Fire Emblem: Three Houses ya 2019 ni gemu nzuri sana yenye herufi za kutesa kwenye Lite. Xenoblade Chronicles 2 ya 2017 ukiichezea mkononi picha inapoteza ukali, mbali kote kunakuwa ukungu. Na JRPG ni kusoma, tusidanganyane. Ukikunja uso kila mstari utaichoka hata kama hadithi ni asali.

Halafu kuna kusahau. Utaiacha, lazima. Mwisho wa mwezi kazini, mtihani, msiba nyumbani. Ukirudi, gemu itakukumbusha ulikuwa unaenda wapi na kwa nini? Dragon Quest XI S ukiifungua inakusimulia kwanza yaliyopita. Nyingine zinakuangusha katikati ya pango na mifuko imejaa vitu usivyojua kazi yake.

Sasa chaguo langu kwa mgeni kabisa, na najua nitarushiwa mawe: Live A Live.

Hii ilitoka 1994 kwa Super Famicom, konsoli ya zamani ya Nintendo, Japani pekee, ikiongozwa na Takashi Tokita, muziki wa Yoko Shimomura. Nje ya Japani haikuuzwa rasmi mpaka Julai 2022 ilipoundwa upya kwa Switch. Ina hadithi saba za nyakati saba, unaanza na yoyote unayotaka, na kila moja ni ya saa chache tu. Ukimaliza moja umemaliza kitu kamili. Hakuna kubeba deni la saa 60 kichwani. Ile ya watu wa mapangoni haina neno hata moja la mazungumzo, ni ishara na miguno tu. Ile ya mpiganaji wa siku hizi ni mapambano mtindo mmoja, unaweza kuimaliza kabla jam ya Lang'ata Road haijafunguka.

Niwape mfano wa ile ya magharibi mwa Marekani, maana ndiyo huwa naiwekea watu mkononi. Unaingia mji mdogo unaoitwa Success. Genge linakuja alfajiri. Kengele italia mara nane, ndio muda ulio nao. Unapekua nyumba, duka, baa na zizi, unaokota vitu ambavyo huwezi kujua mara moja vina faida gani, kisha unawagawia wenyeji waende kutega mitego. Kuna mwenyeji mwepesi na kuna mzembe, kwa hivyo ni kazi ya kupanga nani apewe nini kengele ikiwa bado haijalia. Alfajiri wanapofika, kila mtego ulioshika unapunguza idadi ya majambazi watakaobaki kupigana nawe. Hapo hujapanda kiwango hata kimoja kwa kuzunguka msituni ukiua vidudu. Umefikiri tu.

Ubaya wake? Mtu anayependa kujenga timu moja toka mwanzo hadi mwisho ataona anakatwa kila saa. Na ile ya chombo cha angani ni kutembea na kuongea, vita karibu hakuna. Lakini ukizimaliza saba utakuwa umejua ladha yako ni ipi, na kaseti ya pili utainunua ukijua unachotafuta.

KasetiMbili

Mawe ndiyo haya. Mgeni apewe Dragon Quest XI S, akili itulie. Mapigano ya zamu safi, hadithi inaeleweka, wahusika wamechorwa na Toriyama yule yule wa Dragon Ball, kwa hivyo hata kijana wa mtaa ambaye hajui JRPG ni nini atazijua hizo sura. Na kuna demo ya bure ya karibu saa 10, sevu yake unaendelea nayo ukinunua. Ni gemu gani nyingine inakupa saa 10 za bure uonje?

ZamuYangu

Kwa demo huna mpinzani. Na nikiri napenda vile kila mji una namna yake ya kuongea. Kuna kijiji cha maji moto, Hotto, ambapo wenyeji wanaongea kwa mashairi ya mizani 5, 7, 5. Mtu aliyechapwa shuleni kwa kukosea mizani atacheka peke yake kwenye gari.

Ila ni gemu ya saa 50 na zaidi, na inapofika mahali wengi wanadhani imeisha, haijaisha. Tena inakula karibu GB 14. Lite inakuja na GB 32, na si zote ni zako. Ongeza memori kadi kabla ya kushusha chochote, la sivyo utakuwa unafuta na kushusha upya kwa bando.

BintiPangani

Ngoja niitetee Persona 5 Royal kwa sababu naona inasingiziwa. Mimi huicheza kwenye gari asubuhi na jioni. Nje ya kasri, gemu yenyewe imekatwa siku kwa siku. Siku moja ya mchezo: shule, baadaye unaamua ukae na rafiki, usome, ufanye kibarua au uende kuoga, jioni inafika, unalala, unasevu. Stage mbili tatu za mathree, siku imeisha. Kasri nafanya Jumapili nikiwa nimetulia nyumbani, chaja iko ukutani.

Halafu kitu ambacho hakuna mtu huambia wageni: yule daktari mshauri wa shule, Maruki, hakikisheni urafiki wenu umefika kiwango cha 9 kabla ya tarehe 18 Novemba ya mchezo. Usipofika, sehemu nzima ya mwisho iliyoongezwa kwenye Royal hutaiona. Saa 80 umecheza, na gemu inakufungia mlango bila kusema kitu.

ZamuYangu

Dada, hapo kwa siku siku una hoja nzito, na hilo la Maruki admin angelibandika juu ya jukwaa. Kwa mtu wa safari fupi mbili kila siku, Persona inaingia vizuri. Kwa mtu ambaye hajui Jumapili yake ni ya nani, bado nasema asubiri.

MzeeWaPSP

Mnaongea Switch Switch kama kwamba konsoli za mkononi zilianza 2017. Vijana, kuna PSP, konsoli za mkononi za Sony, zimelala kwenye droo za watu hapa Nairobi, na maktaba yake ya JRPG haijapata mpinzani wa haki. Final Fantasy Tactics: The War of the Lions, 2007. Jeanne d'Arc ya Level-5, ambayo ni vita vya Wafaransa na Waingereza ikiwa na mapepo ndani. Persona 3 Portable, ambayo unaweza kuchagua kucheza kama msichana. Trails in the Sky. Na diski za PSP hazifungwi kwa nchi, ukipata ya Marekani au ya Ulaya inaingia tu.

KasetiMbili

Mzee betri hizo bado zinashika chaji kweli? Nyingine zimevimba mpaka kifuniko hakifungi.

MzeeWaPSP

Betri inanunuliwa. Ikiwa imevimba usiichaji, itoe kabisa. Mnanunua viatu kila mwaka, betri ya PSP inawashinda?

ZamuYangu

Mzee nakuheshimu na hizo ulizotaja ni dhahabu. Ila kwa mtu anayeanza leo, mbili kati yake zina njia nyepesi sasa. Final Fantasy Tactics imerudi Septemba 2025 kwa jina The Ivalice Chronicles, iko Switch na Switch 2, na ina sauti za waigizaji. Ile ya PSP, uchawi mkubwa ukitumika, picha inakuwa nzito, inajikokota. Trails in the Sky sura ya kwanza nayo imeundwa upya mwaka huo huo.

Na Trails ndiyo ningempa mtu anayependa umbea. Namaanisha kwa uzuri. Kila tukio kubwa likipita, rudi uongee na watu wa mji, wengi watakuwa na neno jipya. Mwenye duka aliyekuwa na wasiwasi na mtoto wake, utakuta mtoto amerudi. Ukiwa mtu wa kupita mbio hutaona haya yote na utasema gemu inachosha.

MzeeWaPSP

Lakini sema ukweli wote: nyongeza za War of the Lions hazimo kwenye hiyo mpya. Zile sura za ziada na wahusika waliokuja na PSP, hakuna. Kwa hivyo droo yangu bado ina thamani.

ZamuYangu

Kweli, hazimo.

Gredi4Baba

Samahani kuingilia. Mimi si mchezaji. Kijana wangu yuko gredi ya nne, shangazi yake amemletea Switch Lite. Anasoma Kiingereza vizuri lakini hana subira. Kuna ya kumfaa katika hizi mnazosema, au zote ni za mapepo?

BintiPangani

Persona usimpe baba, hiyo ni ya watu wazima.

ZamuYangu

Mtafutie Super Mario RPG. Ya kwanza ilitoka 1996, hii ya Switch ni ya Novemba 2023. Ni fupi, ni rahisi, inachekesha, na kwenye mapigano ya zamu anatakiwa abonyeze kitufe wakati hasa pigo linapotua ili liwe na nguvu zaidi, kwa hivyo mkono haulali. Mtoto asiye na subira atashikwa na hilo. Baada ya hapo Pokémon: Let's Go ya 2018 itaingia yenyewe. Na mzee wangu, nunua kaseti, usimwekee kadi ya benki kwenye akaunti.

SimuTu

Na sisi tusio na konsoli? Nina simu ya Android na headset ya kuunganisha kwa gundi.

ZamuYangu

Hujaachwa nje. Chrono Trigger iko kwenye Android, halali. Hiyo ni ya 1995, na waliokaa kuiunda ni Sakaguchi wa Final Fantasy, Horii wa Dragon Quest na Toriyama, kwa meza moja. Ni ya saa 20 na kidogo, haina sehemu ya kujazia. Ina maadui unaowaona kabla ya kugongana nao, na vita vinafanyika pale pale uliposimama bila kubadilisha skrini. Hata leo kuna gemu kubwa ambazo hazijajifunza hilo. Final Fantasy VI ya Pixel Remaster pia iko kwenye simu. Ukianza na hizo mbili hujanyimwa kitu, na pengine utakuwa umewashinda wengi wenye konsoli za bei.

Tahadhari ya mtaa tu: dirisha la mathree lifunge kwanza. Hii inawahusu hata wa Switch. Pale Globe gari likisimama, mkono wa mtu unaingia kabla hujafika zamu ya pili.

KasetiMbili

Hebu tuongee ununuzi, hapo ndipo watu wanaliwa.

ZamuYangu

Sawa, kwa haraka. Kaseti za Switch hazifungwi kwa nchi, lakini lugha ni jambo lingine. Kuna za Japani ambazo zina Kijapani pekee, kwa hivyo usivutwe na bei ya chini, uliza lugha kwanza, au omba iwekwe kwenye konsoli uone menyu. 3DS, konsoli ya mkononi ya Nintendo kabla ya Switch, ni tofauti, hiyo inafungwa kwa eneo, na duka lake la mtandaoni lilifungwa Machi 2023, kwa hivyo ukinunua 3DS unanunua pamoja na kazi ya kuwinda kaseti.

Geuza kasha usome maandishi ya chini. Final Fantasy X/X-2 ya Switch, kwa matoleo ya Marekani, X iko kwenye kaseti na X-2 ni namba ya kushusha. Ukinunua ya mtumba, namba hiyo mwenzako alishaitumia. Na wenye Switch 2 muwe macho na kaseti zilizo ufunguo tu, ndani hakuna gemu, ni ruhusa ya kuishusha. Bravely Default iliyoundwa upya na kutoka Juni 2025 iko hivyo. Inauzika tena, sawa, lakini bando ni lako.

Kwa duka la mtandaoni, akaunti ya Marekani inakula kadi ya zawadi ya Marekani, ya Ulaya vivyo hivyo. Usinunue kadi kwanza ndipo uangalie akaunti yako ni ya nchi gani.

BintiPangani

Na mtu akishamaliza hiyo Live A Live yako, wapi?

ZamuYangu

Nilikuwa nangoja uulize. Octopath Traveler II, ya Februari 2023. Huhitaji ya kwanza, hadithi hazifuatani. Wasafiri wanane, kila mmoja na yake, imekatwa kwa sura, kwa hivyo kukatizwa si shida. Kwenye ya kwanza wale wanane walikuwa kama abiria wa gari moja wasiojuana. Kwenye hii wanapewa sura za wawili wawili, na unaweza kuongeza kasi ya vita.

Vita ndivyo vimenishika. Kila adui ana ngao yenye nambari. Ukimpiga kwa silaha asiyoiweza nambari inashuka, ikifika sifuri anavunjika, anapoteza zamu na kila pigo linamuuma zaidi. Huku nako kila zamu unapata nukta moja ya nguvu, unaweza kulimbikiza hadi 5 na kutumia hadi 3 kwa mpigo. Basi unakaa hapo: nitumie zangu sasa nimvunje kabla hajapiga lile pigo analoliandaa, au nivumilie, niponye, nimvunje zamu ijayo nikiwa na akiba kwa wote wanne? Nimewahi kupitishwa stage yangu nikiwaza hilo.

Kwa mtu wa Nairobi, anza na Partitio, mfanyabiashara. Hadithi yake inaanzia Oresrush, mji wa machimbo ya fedha ambako mwenye ardhi, Giff, amewakamua wachimbaji kwa kodi mpaka mji umekauka. Aliyewahi kukuta karatasi ya nyongeza ya kodi mlangoni hahitaji kuelezwa. Na ujuzi wake barabarani ni kununua vitu kutoka kwa watu na kubishana bei. Ni hustler kamili, na kofia juu.

KasetiMbili

Ninayo Octopath II, nimemaliza. Sina Live A Live. Tubadilishane?

ZamuYangu

Tubadilishane. Sevu zetu hazitapotea, kwa Switch zinabaki ndani ya konsoli, kaseti haibebi kitu. Jumamosi saa nane, mbele ya Archives. Njoo na kasha lake.

SimuTu

Mkimaliza kubadilishana mnikumbuke na earphone.